Maji, Mafuta na Kofia: Wito kwa Nchi ya Majani Chai

Ndugu na dada wa Kericho na Bomet, pamoja nanyi mliokuja huku kutafuta riziki ya chai kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi.

Nina ombi kwenu. Kila kituo cha kununulia majani, kutoka Chepseon hadi Silibwet, kutoka Litein hadi Mogogosiek, kiwe na maji ya kunawa pamoja na sabuni ya kuogea. Kiwe na mkebe wa mafuta ya kujipaka. Na sote tukubaliane kwamba hakuna anayeingia shambani bila kofia ya ukingo mpana. Ni vitu vitatu ambavyo kamati ya kituo inaweza kuvipata bila kungoja bajeti ya kaunti wala mfadhili kutoka ng'ambo. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana mtu hutunza kile anachokijua.

Chai imetusomeshea watoto na kutuezekea nyumba. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kuipanda kwa wingi katika vilima hivi miaka ya 1920, karibu karne moja imepita, na leo wakulima wadogo zaidi ya 600,000 nchini hupeleka majani yao katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Watoto wetu hutaja Momul, Toror, Kapkatet, Tegat na Kapkoros kabla hawajajua majina ya miji mikubwa ya nchi. Lakini kabla jani halijafika kiwandani, lazima liguswe. Chipukizi moja lenye majani yake mawili lina uzito wa gramu moja hivi au pungufu, kwa hiyo kilo moja kwenye mizani ni machipukizi elfu moja na zaidi. Mama anayepeleka kilo thelathini jioni ameyashika machipukizi makumi ya maelfu, yakiwa na umande, utomvu na vijiti vya kukwaruza.

Kilo tunazijua. Bei tunaijua, na bonasi tunaihesabu kabla haijatangazwa. Ngozi iliyofanya kazi hiyo yote ndiyo hatuijui, na kwa kutoijua tunaiacha ipasuke, iungue na kuoza, tukidhani ndivyo mkono wa mtu wa chai unavyopaswa kuwa.

Kiungo kikubwa kuliko vyote

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia meta mraba moja na nusu hadi mbili. Ina matabaka matatu. La juu huitwa epidemisi. Kwenye kope za macho unene wake ni kama sehemu ya ishirini ya milimita, ilhali kwenye kiganja na unyayo hukaribia milimita moja na nusu. Safu ya chini kabisa ya epidemisi ni mfano wa kitalu cha miche: huko ndiko seli mpya huzaliwa kila siku. Zikishazaliwa, husukumwa juu polepole huku zikijaa protini ngumu iitwayo keratini, mpaka zinapofika juu zimekwisha kufa na kubanana. Safari hiyo huchukua mwezi mmoja hivi, kisha seli hupukutika na nyingine kushika zamu. Katikati ya hizo seli zilizobanana kuna mafuta ambayo huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Kinga yetu ya kwanza dhidi ya dunia yote iko hapo.

Epidemisi ina walinzi wengine pia. Kuna seli zinazotengeneza melanini, rangi inayomeza miale ya jua kabla haijaharibu chembe za urithi. Kuna na seli ambazo Paul Langerhans, kijana Mjerumani aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alizieleza mwaka wa 1868. Hizo hunasa vijidudu vilivyopenya na kuujulisha mfumo wa kinga ya mwili.

Tabaka la kati ni demisi. Hapa ndipo penye nguvu na unyumbukaji wa ngozi, mishipa ya damu, neva, mashina ya nywele na tezi. Asubuhi ya baridi kali, umande ukiwa bado juu ya majani, mishipa ya damu ya vidoleni hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni kwenye viungo vya uhai. Ndiyo maana vidole hufa ganzi saa moja asubuhi hata kwa mtu mwenye afya njema. Ncha za vidole zina miisho mingi sana ya neva kupita sehemu nyingi za mwili, na ndiyo humwezesha mchumaji kutofautisha chipukizi laini na jani lililokomaa bila hata kulitazama. Glavu nene humwondolea uwezo huo, na hilo tulikumbuke kabla ya kumlaumu mtu kwa kuchuma mikono mitupu. Njia ya kumlinda lazima ipatane na kazi yake.

Tabaka la chini ni la mafuta. Hutunza joto, hupokea kishindo tunapoanguka, na huweka akiba ya nishati. Kwa watu wanaoishi meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ukiwa baridi, tabaka hilo ni blanketi tuliyozaliwa nayo.

Tezi, na kiganja kilichonyimwa mafuta

Mwili una tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Ukifanya kazi nzito, tezi hizo humwaga maji yenye chumvi juu ya ngozi. Maji hayo yakipaa hewani huondoka na joto la mwili. Mwana wa Kericho Wilson Kiprugut Chumo alipoiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya meta 800 kule Tokyo mwaka wa 1964, na fedha kule Mexico mwaka wa 1968, miguu ilisifiwa na mapafu yalisifiwa. Tezi za jasho nazo hutoa mchango wao kwa kila mkimbiaji anayefanya mazoezi katika barabara zetu za vumbi jekundu, kwa sababu misuli inayochemka bila kupozwa haiendi mbali.

Sasa tazama aproni ya nailoni ambayo mchumaji huvaa ili umande usimlowanishe. Nje inazuia maji, ndani inazuia jasho lisipae. Kufikia saa sita, mtu amelowa kutoka ndani. Ngozi ya kiunoni na mapajani hulainika, hutokwa na harara, na fangasi hupata makao. Umande ukikauka, aproni ivuliwe, ining'inizwe ipate hewa, na ndani yake pavaliwe nguo ya pamba inayofyonza jasho. Na kwa kuwa jasho ni maji yaliyotoka mwilini, anayetoka jasho anywe maji, hata kama hewa ni baridi na kiu haimsumbui.

Kuna tezi nyingine za jasho, za makwapani na sehemu za siri, ambazo huanza kazi wakati wa balehe. Jasho lake halina harufu linapotoka. Harufu huja bakteria wa ngozini wanapolichakata. Walimu, waelezeni hivyo watoto wa darasa la sita na la saba bila kuwafedhehesha. Mtoto anayejua kwamba mwili wake unabadilika kama ulivyopangwa hatajificha nyuma ya darasa kwa aibu. Mjulisheni pia kwamba nta ya sikio hutokana na tezi za jamii hiyo ya jasho, na kwamba titi lililomnyonyesha lina tezi ya asili hiyo hiyo, iliyobadilika hata ikatoa maziwa.

Halafu kuna tezi za mafuta. Hizi hukaa pembeni mwa mashina ya nywele na malaika, nazo hutoa mafuta yanayolainisha ngozi na kusaidia kuiweka katika hali ya uchachu kidogo ambao vijidudu vingi haviupendi. Zimeenea mwili mzima isipokuwa mahali pawili: kiganja cha mkono na unyayo wa mguu. Hapo hapana hata tezi moja ya mafuta.

Ndugu zangu, ombi langu lote limesimama juu ya jambo hilo. Sehemu ya mwili inayofanya kazi ngumu kuliko zote katika shamba la chai ndiyo ambayo maumbile hayakuipa mafuta. Umande huilowesha, upepo huikausha, utomvu huichoma, na jioni sabuni kali ya kufulia huyaondoa hata yale mafuta machache yaliyokuwa katikati ya seli zake. Ikikauka kupita kiasi, hupasuka. Mpasuko wa kiganja huanza kama mstari mwembamba, kisha hufika kwenye demisi yenye neva na damu, ndipo mtu ashindwe kukunja mkono.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupitia ufa wa kidole, bakteria huingia na mkono huvimba. Kupitia ufa huo huo vijidudu vya pepopunda, vinavyoishi katika udongo na samadi, vinaweza kuingia. Chanjo ya pepopunda ipo. Mama mjamzito hupewa kliniki, na mwanamume mzima anayelima na kuchunga naye aulize zahanati kama kinga yake bado ipo.

Na madoa meusi ya vidole? Hayo hutokana na utomvu wa jani unaobadilika rangi ukikutana na hewa, kwa njia ile ile ambayo jani la kijani hugeuka kuwa chai nyeusi kiwandani. Doa limekaa kwenye seli zilizokufa na litaondoka seli hizo zinapopukutika zenyewe. Usilisugue kwa mchanga, kwa waya wa kuoshea sufuria, wala kwa dawa ya kung'arishia nguo. Unapofanya hivyo unaondoa kinga ili kuondoa rangi. Wala pasiwe na mtu wa kumwonea haya mama mwenye vidole vyeusi kanisani au benki. Vidole hivyo vimelipa karo.

Utaratibu ninaoupendekeza ni mwepesi. Asubuhi, nawa mikono kabla ya kuchuma, maana jani hilo litanywewa na watu. Usijipake mafuta yenye manukato wakati huo, kwa sababu jani la chai hufyonza harufu upesi. Jioni, ukishapima kilo zako, nawa kwa maji safi na sabuni ya kuogea, jifute kidogo, na mikono ikiwa bado na unyevu jipake mafuta mazito yasiyo na manukato, hasa kwenye viungo vya vidole. Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, paka tena. Kopo moja la mafuta ya mgando likitumiwa na familia hudumu siku nyingi, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Jua lisilochoma ndilo la kuogopwa

Kericho iko karibu na mstari wa ikweta, na iko juu. Kadiri unavyopanda, hewa inayochuja miale mikali ya jua hupungua. Kila meta 1,000, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa asilimia kumi hivi. Mtu wa Mombasa analiogopa jua kwa sababu linamchoma. Sisi hewa yetu ni ya ubaridi, mawingu yanapita, ukungu unashuka kutoka msitu wa Mau, na tunadhani tumesalimika. Lakini miale inayoharibu ngozi haina joto la kuhisiwa, na mawingu mepesi hayaizuii. Kwa hiyo katika nchi ya chai ngozi inaweza kuunguzwa na jua huku mwenyewe akitafuta sweta.

Watu wote, weusi na weupe, wana takriban idadi moja ya seli za melanini. Tofauti iko katika wingi wa rangi ambayo seli hizo hutengeneza na namna inavyosambazwa. Rangi yetu ni zawadi inayotukinga, ingawa haitukingi kabisa: jua huzeesha uso, huharibu macho, na midomo hupasuka. Kofia yenye ukingo mpana huhifadhi uso, masikio na shingo kwa mkupuo mmoja.

Nikiwa hapo hapo, niseme na vijana wetu kuhusu krimu za kujichubua. Zinauzwa sokoni kwa majina mazuri, na nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Kenya imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane na jeraha dogo lisipone. Binti yangu, kijana wangu, ukiiondoa melanini katika kimo hiki cha nchi umevua ngao ukiwa katikati ya vita. Baki na rangi yako. Ni nzuri, na ina kazi.

Wapo miongoni mwetu waliozaliwa bila ngao hiyo, au wakiwa nayo kidogo mno. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Seli zao za rangi zipo, ila urithi kutoka kwa baba na mama umezinyima uwezo wa kutengeneza melanini ya kutosha. Hakuna laana hapo, na mama hana kosa. Kericho imepata bahati ya kumwona Jaji Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, akiketi katika Mahakama Kuu ya hapa kabla ya kupanda hadi Mahakama ya Rufaa. Kila mtoto mwenye ualbino katika vilima hivi anaweza kufika mbali, mradi ngozi yake ifike naye, kwa sababu saratani ya ngozi ndiyo adui anayewavizia mapema.

Basi, walimu wakuu, mruhusuni mtoto huyo avae kofia, mikono mirefu na suruali ndefu hata kama si sare ya shule. Gwaride likifanyika juani, asimame kivulini. Wazazi, mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mpango wa kutoa mafuta ya kujikinga na jua kupitia hospitali za umma. Wenye mashamba, msimpe mtu mwenye ualbino zamu ya kuchuma saa sita mchana; mpeni kazi ya mizani, ya daftari au ya ndani ya kiwanda. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Yeye apewe kivuli tangu mwanzo.

Miguu, na watoto

Buti za mpira zimewaokoa wengi na miiba na nyoka, lakini mguu unaokaa ndani yake saa nane ukiwa umelowa hugeuka mweupe, hukunjamana na kuchubuka kati ya vidole. Beba soksi kavu za kubadilisha mchana. Jioni osha miguu, kausha kati ya vidole, zigeuze buti juu chini. Mtoto asitembee pekupeku shambani. Funza huingia kupitia ngozi laini ya kidole, na katika nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na magharibi mwa Uganda, watu waliotembea pekupeku miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkeno wamevimba miguu kwa ugonjwa uitwao podokoniosisi, usioletwa na mbu wala mdudu yeyote. Mwaka wa 2015 wataalamu walithibitisha ugonjwa huo huko Kamwenge, Uganda, kwa watu waliokuwa wakidhaniwa wana matende ya kawaida. Kinga yake ni viatu, maji na sabuni.

Tazameni nyayo zenu. Kwa watu weusi, saratani ya seli za rangi inapotokea, mara nyingi hujitokeza penye rangi haba: unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka wa 1981 kwa saratani ya aina hiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Doa jeusi linalokua, kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au baka lisilohisi hata likiguswa kwa pamba, ambalo laweza kuwa ukoma na ukoma una tiba, yote hayo yapelekwe zahanati. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mtoto mchanga ana ngozi nyingi akilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto haraka, na usiku wetu ni wa baridi. Akizaliwa, mkausheni, mvisheni kofia, mlazeni kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Kuoga kungoje siku moja. Mtoto njiti ndiye anayehitaji zaidi malezi hayo ya kangaruu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2021, uliohusisha Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kwamba kuanza malezi hayo mara tu mtoto anapozaliwa hupunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua. Akichoka mama, baba ampokee.

Na chai yenyewe, iliyo karibu na kila meko, huunguza. Sufuria ya chai ya maziwa au chupa ya chai iliyoachwa ukingoni mwa meza inaweza kumwangukia mtoto mdogo. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali. Msimpake dawa ya meno, unga, yai wala samli. Sababu ni hii: mashina ya nywele na tezi zilizo katika demisi hubeba seli ambazo ndizo huotesha ngozi mpya. Moto ukiishia juu, seli hizo hubaki na ngozi hurudi. Moto ukizifikia, ngozi haina pa kuanzia isipokuwa pembeni mwa jeraha, na hapo ndipo makovu ya kukunja viungo huja. Dakika ishirini za maji zinaweza kulizuia joto lisifike huko.

Kila mmoja na sehemu yake

Mwezi Mei mwaka wa 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokutana Geneva ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa jambo la kipaumbele kwa dunia nzima. Azimio hilo litakuwa na maana huku kwetu likishuka hadi kwenye mizani ya majani.

Mchumaji, dada yangu, kaka yangu: mkono wako ni mali yako kabla haujawa wa tajiri yeyote. Nawa, paka mafuta, vaa kofia, na usione haya kumwonyesha mhudumu wa afya ufa unaouma.

Mwenye shamba: aliyekuchumia majani ni mgeni wa nyumba yako kwa siku hiyo. Mtafutie maji ya kunywa na ya kunawa. Asinyunyize dawa ya magugu wala kutawanya mbolea kwa mikono mitupu. Kazi hizo hazihitaji wepesi wa vidole, kwa hiyo glavu hazina kisingizio.

Wajumbe wa kamati za vituo na wakurugenzi wa viwanda: ninyi mmechaguliwa na wakulima. Viwanda vingi vimepata cheti cha Rainforest Alliance, na masharti yake yanagusa afya na usalama wa mfanyakazi. Mtungi wa maji, kipande cha sabuni na mkebe wa mafuta vitaonekana na kila mchumaji jioni, tena vitalisaidia jani lenu liwe safi. Makampuni makubwa yenye mashamba yao nayo yafanye vivyo hivyo katika kila kibanda cha kupimia.

Wahudumu wa afya ya jamii: tangu serikali ilipozindua utaratibu wenu mpya mwezi Septemba 2023, zaidi ya laki moja mmeenea nchini, na mnabisha hodi katika nyumba ambazo daktari hazifikii. Mkiuliza kuhusu shinikizo la damu, ombeni pia kuona mikono na nyayo. Wenye hitaji waelekezeni zahanati ya karibu, na kutoka huko Kapkatet, Longisa, Tenwek au hospitali ya rufaa ya Kericho.

Wachungaji, mapadri na wazee: tangazo moja Jumapili hufika mbali kuliko bango. Semeni kwamba ualbino ni urithi, kwamba upele hutibiwa kwa kutibu nyumba nzima kwa wakati mmoja, na kwamba mkono uliopasuka una dawa.

Nawe unayesoma haya, kituo chako kina mkutano hivi karibuni. Nyosha mkono, omba nafasi, na utaje mambo matatu: maji, mafuta, kofia. Yaandikwe katika kumbukumbu, ateuliwe mtu wa kujaza mtungi na mtu wa kununua mafuta, makato ya shilingi chache yakubaliwe na wote, na kazi ianze wiki hiyo hiyo.